Pima nyasi za ngitili kabla ya kuingiza ng'ombe

Kwa Wasukuma wa Shinyanga na Simiyu, ngitili, yaani eneo la malisho lililotengwa, hufungwa mvua zinapoanza ili nyasi zikue, ikafunguliwa kiangazi kikikolea. Kufunga watu wanakujua. Kinachowashinda ni hesabu: nyasi zilizosimama zitalisha ng'ombe wangapi, kwa siku ngapi? Macho hudanganya, hasa nyasi zikiwa ndefu na mashina yake matupu.

Pima mvua zikishakata, Mei mwishoni au Juni. Kunja nondo nyembamba ya mita 4 upate fremu ya mraba yenye upande wa mita 1. Tembea kwa mstari kukatiza ngitili, na kila hatua 50 laza fremu pale mguu ulipoishia, hata kama ni kipara cha udongo mtupu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaruka vipara, wanafuata penye majani mengi, hesabu inapanda. Ng'ombe hawali hesabu. Fremu 15 hadi 20 zinatosha kwa ngitili ya familia.

Kata kwa mundu hadi usawa wa udongo. Ondoa mizizi, magugu yasiyoliwa na mabua meusi ya mwaka jana. Anika kivulini penye upepo siku 4 au 5, mpaka ukikunja fundo la shina livunjike kwa sauti badala ya kupinda. Ukipima mbichi, umepima maji.

Wastani wa gramu kwa fremu, zidisha mara 10, ndiyo kilo kwa hekta. Tuseme umepata gramu 120: kilo 1,200. Hesabu nusu tu, 600. Nusu nyingine hukanyagwa, huliwa na mchwa, na kinachobaki hukinga udongo na kulinda mashina yatakayochipua. Ng'ombe wa kilo 250 hula takribani kilo 6.25 za majani makavu kwa siku. Hekta 4 zina kilo 2,400, yaani siku 384 za ng'ombe mmoja: ng'ombe 4 kwa siku 90. Ukiingiza 15, umemaliza siku ya 25.

Vichaka vihesabie mbuzi. Pukutisha kwa mkono majani na vitawi laini hadi mita 1.5 kutoka chini, anapofika mbuzi akisimama kwa miguu ya nyuma. Maganda ya mgunga ni nyongeza nzuri, lakini vichaka vikishikana, nyasi chini yake hupotea. Mkulagembe, mti mdogo wa miiba, usiukate ukauacha. Huchipua kutoka mizizini, shina moja likawa kichaka. Ng'oa miche yake ingali michanga, ardhi ikiwa na unyevu.

Hesabu ikionyesha upungufu, uza Juni, ng'ombe wangali na nyama na bei. Ngitili waachie wanaonyonyesha, ndama na maksai wa kulimia. Nao watoe nyasi zikibaki sentimita 10 hivi, hata kama siku ulizopanga hazijatimia.