Kukarabati nyumba kongwe ya mawe Mji Mkongwe kabla ya familia kuhamia

Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe wa Unguja ikikaa miaka kadhaa bila mtu wa kupanda juu kuziba paa, maji huingia taratibu kwenye kuta na kuozesha boriti, na huko ndiko uharibifu mwingi unakoanzia. Familia iliyorithi au kununua nyumba ya namna hiyo mara nyingi huanza na rangi, milango na umeme, kisha masika ya kwanza huikuta imeshahamia na lipu imeanza kubambuka. Mimi ni fundi mwashi wa kazi za chokaa, na utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoufuata. Ninawaomba msiruke hatua yoyote, hata kama wiki za mwanzo zitapita bila jambo la kupendeza macho.

Hatua ya 1: Kibali na ukaguzi

Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kabla ya kugusa jengo lazima mpate kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Wakati mnasubiri, ingieni ndani siku ya mvua kubwa mkiwa na tochi na daftari, muandike kila mahali panapovuja. Kwenye kila ufa wekeni alama ya penseli mwishoni mwake pamoja na tarehe, kwa sababu ufa uliotulia kwa miezi mitatu hutengenezwa kwa njia tofauti na ufa unaoendelea kurefuka. Huo wa pili unahitaji mhandisi.

Hatua ya 2: Kuzuia maji

Zibeni matundu ya mabati, safisheni mifereji na hakikisheni maji ya mvua yanamwagwa mbali na msingi. Kagueni vyoo na mabafu yaliyoongezwa ghorofani miaka ya karibuni, kwa kuwa bomba dogo linalovuja ndani ya ukuta huharibu kuliko tundu la paa, kwani bomba huvuja hata kiangazi. Miche ya mitini iliyoota ukutani ikatwe, na mizizi itolewe kwa uangalifu jiwe kwa jiwe. Kuing'oa kwa nguvu kunaweza kubomoa kipande kizima cha ukuta.

Hatua ya 3: Miega kwanza, kisha boriti

Dari na sakafu za nyumba hizi zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti, ambao kwa kawaida hauzidi mita 3, ndio uliofanya vyumba vyetu viwe virefu na vyembamba. Boriti huoza zaidi kwenye ncha zake zilizozama ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Chomeni kwa bisibisi karibu kabisa na ukuta, na ikizama kwa urahisi, boriti hiyo haifai hata kama katikati yake inaonekana imara.

Kabla ya kutoa hata boriti moja, simamisheni miega, yaani nguzo za muda za kuegemeza dari, chini ya dari juu ya mbao pana, na miega hiyo iendelee kwenye kila ghorofa hadi ardhini. Mkiishia ghorofa moja tu, uzito wote utahamia kwenye sakafu ya chini yake, ambayo huenda nayo imeoza. Boriti zibadilishwe moja moja. Ninalisisitiza jambo hili kwa uchungu, kwa kuwa jumba la Beit al-Ajaib la hapa Mji Mkongwe, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu walipoteza maisha. Kwa sababu hiyo hiyo, familia isilale ndani ya nyumba kabla hatua hii haijakamilika.

Hatua ya 4: Kuondoa saruji na kurudisha chokaa

Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Ni kuta laini zinazonyonya unyevu na kuutoa tena hewani. Lipu ya saruji huziba njia hiyo, hivyo unyevu hupanda juu zaidi pamoja na chumvi, na mwishowe saruji hubanduka ikichukua na uso wa ukuta. Niliwahi kuitwa na familia iliyopiga saruji kuta zote za ghorofa ya chini ili iwahi kuhamia kabla ya Ramadhani. Baada ya masika mawili tulilazimika kubandua yote na kuanza upya, na gharama ikawa mara mbili.

Banduweni saruji kwa patasi na nyundo ndogo, kisha acheni ukuta upumue kwa wiki kadhaa. Chokaa mbichi izimwe, yaani iloweshwe mpaka iache kuchemka, kwa kuitia kidogo kidogo ndani ya maji. Kumwaga maji juu yake ni hatari, kwa sababu huchemka na kuruka. Fundi avae miwani na glavu, na watoto wakae mbali kabisa. Chokaa iliyozimwa ikae chini ya maji angalau mwezi mmoja, na ikikaa zaidi huwa laini zaidi. Changanyeni sehemu 1 ya chokaa na sehemu 3 za mchanga uliooshwa usio na chumvi, lowesheni ukuta, kisha pigeni tabaka nyembamba za kama sentimita 1. Kila tabaka ifunikwe kwa magunia yenye maji kwa siku kadhaa, kwani chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na jua kali huipasua. Juu kabisa pakeni niru (chokaa laini ya kumalizia) au chokaa nyeupe. Rangi ya mafuta itarudisha tatizo lile lile la saruji.

Hatua ya 5: Kuhamia

Nyaya za umeme zipitishwe na fundi mwenye leseni kabla ya tabaka ya mwisho ya lipu. Gongeni kuta kwa kifundo cha kidole, na panapolia kama pana uwazi ndani parudiwe. Mkishahamia, achieni nafasi ya shubiri moja kati ya makabati na kuta za chini mpaka masika ya kwanza yapite, fungueni madirisha kila asubuhi, na safisheni mifereji kila Februari kabla ya masika na kila Septemba kabla ya vuli.