Kabla ya kupima jeni za saratani, malizana na bima

Kama kwenu saratani ya matiti au ya ovari imepita kwa mama, mama mdogo au dada (upande wa baba nao unahesabika), na umeshauriwa kupima BRCA1 na BRCA2 (jeni ambazo zikiwa na hitilafu huongeza hatari ya saratani hizo), fikiria bima ya maisha kabla hujatolewa damu.

Wengi hudhani sheria inawalinda kote. Marekani, sheria ya GINA ya 2008 inazikataza kampuni za bima ya afya kukukataa au kukupandishia ada kwa sababu ya jeni zako. Lakini haigusi bima ya maisha, ya ulemavu wala ya matunzo ya muda mrefu. Huko fomu inaweza kukuuliza waziwazi kama umewahi kupimwa jeni na majibu yalikuwaje. Ukidanganya, kampuni inaweza kukataa kulipa, na watakaoumia ni watoto. Kwa hiyo kata bima kwanza, pima baadaye. Historia ya familia wataiuliza tu, hilo halikwepeki.

Jingine: ikiwezekana, aanze kupimwa ndugu aliyewahi kuugua. Akikutwa na hitilafu fulani, ninyi wengine mnatafutiwa hiyohiyo, na mkiambiwa hamna, jibu lina uzito. Vinginevyo huenda hatari iko kwenye jeni ambayo haikuangaliwa kabisa.

Ila kama tayari unaumwa na daktari anasubiri majibu ili aamue upasuaji au dawa, pima tu, ya bima yafuate.