Jinsi ya Kuomba Haki na Leseni za Kugeuza Vitabu vya Watoto vya Kutisha Kuwa Filamu ya Familia Nchini Kenya

Usianze na skripti. Anza na haki, kwa sababu Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa mwenye hakimiliki ya kitabu peke yake uwezo wa kuruhusu kigeuzwe filamu, na ulinzi huo hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake.

1. Mtafute mwenye haki. Fungua kurasa za mwanzo za kila kitabu usome jina lililo kando ya alama ya ©. Hapa ndipo wengi huteleza: hadithi huwa ya mwandishi, lakini michoro yaweza kuwa na mwenyewe mwingine. Mchapishaji akimwagiza mchoraji kazi, sheria huhesabu kwamba haki za michoro zimehamia kwa mchapishaji, isipokuwa wamepatana vingine. Basi ukitaka zimwi la filamu liwe na macho na kucha zilezile ambazo watoto wamezizoea jaladani, sahihi ya mwandishi peke yake haitoshi.

2. Andikianeni mkataba. Ruhusa ya mdomo haikupi haki ya kipekee. Lazima iandikwe na itiwe sahihi. Taja kila kitabu cha mfululizo kwa jina, wahusika, lugha, muda, na filamu zitakazofuata. Kama mwandishi bado anaandika, semeni iwapo vitabu vijavyo vimo. Haki ikihamishwa kutoka nje ya Kenya, hati hiyo iambatane na barua ya uthibitisho kutoka Bodi ya Hakimiliki Kenya (KECOBO).

Hata akishauza haki hizo, mwandishi hubaki na haki ya kutajwa na ya kupinga kazi yake ikipotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Mpe skripti aisome mapema. Yeye ndiye anayejua wasomaji wake wanapenda kutishwa kiasi gani, na ushauri huo haupatikani kwa wakili.

3. Sajili skripti KECOBO. Usajili si lazima kisheria, lakini cheti ni ushahidi mzuri mkizozana. Ambatisha nakala ya mkataba.

4. Omba leseni ya kurekodi. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ombi huambatana na maelezo kamili ya matukio na maneno yote yatakayosemwa. Muhtasari wa ukurasa mmoja hautoshi.

5. Peleka filamu iainishwe. Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya (KFCB) hutoa madaraja ya GE kwa watazamaji wote, PG kwa uangalizi wa wazazi, 16 na 18. Ukipewa 16, watoto uliowatengenezea filamu wamefungiwa nje. Kwa hiyo lenga PG tangu siku ya kwanza ya kuandika: mlango unaojifungua, kivuli ukutani, sauti chini ya kitanda, kisha mtoto anayeokoka na kurudi kwa wazazi wake. Damu na mateso ya muda mrefu viache. Hadithi ya namna hii haivihitaji hata kidogo.

Peleka bango na traela (kipande kifupi cha kuitangaza filamu) pia vikaguliwe kabla ya kuvitoa. Bango huonekana na mtoto wa miaka mitatu aliyebebwa mgongoni barabarani, ambaye hakukata tiketi, kwa hiyo lichague kwa uangalifu kuliko tukio lolote la filamu yenyewe.