Kutoa maji kwenye matangi ya ndege ndogo

Kabla ya safari ya kwanza ya siku, na kila nikishajaza mafuta, nachukua kikombe kinachoonyesha kilichomo ndani na kufungua vali iliyo chini kabisa ya kila tangi, kisha ile ya kichujio. Maji ni mazito kuliko petroli, hutuama chini. Tazama rangi: petroli ya 100LL, aina ya petroli ya ndege ndogo, ni ya buluu. Kikombe kikijaa maji matupu hutaona mstari wowote wa kuyatenga, na hapo ndipo nilipowahi kudanganyika. Tangu siku hiyo nanusa pia. Matangi ya mpira hufanya mikunjo inayoficha maji, kwa hiyo tikisa mabawa taratibu, subiri, toa tena mpaka petroli itoke safi. Kagua pia mpira wa kifuniko. Mvua hupenya hapo.