Kabla hujanunua baiskeli ya kwendea kazini na una kilo zaidi ya mia

Ntaanza na kitu ambacho ningeambiwa mapema ningeokoa hela: uzito wako sio tatizo kwa baiskeli. Amka alfajiri uwaangalie jamaa wanaoingiza mkaa mjini Dar, gunia mbili tatu zimefungwa kwa mipira nyuma ya Phoenix, mzigo unamzidi mwenye baiskeli, na inatembea vizuri tu. Kwa hiyo kama una kilo 110, 120, hata 130 na hujapanda baiskeli tangu shule, asikutishe mtu eti utaivunja. Ya kukubeba ipo. Kazi ni kuichagua, na kuchagua kunaanzia gurudumu la nyuma, sio rangi wala idadi ya gia.

Mi nina kilo 118. Mara ya mwisho kuendesha kila siku nlikuwa sekondari Tabora, baada ya hapo zaidi ya miaka ishirini ni daladala na bodaboda tu. Niliporudi nikachukua mtumba wa Kijapani, unang'aa, mwepesi, tairi nyembamba. Wiki ya pili natoka Kimara naenda Magomeni, nimefika Manzese nasikia "tang!" kama waya wa gitaa umekatika, nikapuuza, mbele kidogo tena "tang!", gurudumu likaanza kuyumba linasugua breki kila mzunguko, ikabidi nishuke nisukume. Fundi mmoja mzee akaigeuza juu chini, akawa anabana spoki (zile waya za gurudumu) mbili mbili kwa vidole, nyingine zimekaza, nyingine zinacheza kabisa. Nikamuuliza, mzee ni uzito wangu? Akasema, "Hapana mwanangu. Hizi zilikuwa zimelegea, kazi yote wakaachiwa wachache, na wachache wamechoka."

Basi kabla hujaenda dukani jipime kwanza, na ujipime na begi lako, nguo za kubadilisha, laptopu, chakula, maana vyote hivyo baiskeli inavibeba. Baiskeli nyingi za mjini zinakuja na kikomo cha uzito, na nyingi zinacheza kilo 100 mpaka 120, kampuni nyingine wanahesabu wewe na mzigo, nyingine wanajumlisha na baiskeli yenyewe ambayo inaweza kuwa na kilo 15 mpaka 20. Ikiwa mpya uliza au soma kitabu chake. Hizi mitumba za Kijapani zenye kikapu mbele, zile za akina mama wa kule kwendea sokoni na stesheni, vitabu vyake vingi vinahesabu mwendeshaji wa kilo 65 hivi. Sio kwamba ukikaa itakatika siku hiyo hiyo, ila unaanza safari ukiwa umeshavuka mahesabu yao mbali sana, na spoki ndo zinaanza kulalamika.

Sasa gurudumu la nyuma, hapa kaa muda mrefu hata muuzaji akinuna. Uzito wako mwingi unakaa nyuma, ndo maana hata spoki huwa zinakatika nyuma, hasa upande wa cheni. Hesabu spoki. Zikiwa 36 uko pazuri, 32 inawezekana kama rimu, ile duara ya nje linapokaa tairi, ni nzuri ya kuta mbili (tabaka mbili, sio moja) na spoki zimekazwa sawa, chini ya hapo achana nayo. Zile baiskeli ndefu za kizamani za Kihindi mara nyingi utakuta 40 nyuma na 32 mbele, waliozitengeneza walijua mzigo unakaa wapi. Halafu fanya kama yule mzee, bana spoki mbili mbili kuzunguka gurudumu zima, zote zijibu kwa ugumu unaokaribiana kila upande. Inua nyuma, zungusha, angalia rimu inavyopita kwenye breki, ikiyumba mpaka inagusa mwambie fundi ainyooshe mbele yako kabla hujatoa hela.

Kitu kingine ambacho wengi hawakiangalii ni ekseli ya nyuma, ile nondo inayopita katikati ya gurudumu. Kwenye baiskeli za bei rahisi za gia 6 au 7 nyuma, gia zimefungwa kwa friwili (kile kipande chenye meno ya cheni) ya kuskrubu, na gololi za upande ule zinakaa ndani sana, kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli kinabaki bila kushikiliwa, mtu mzito akipita mashimo kila siku ekseli inapinda, mwisho inakatika. Dawa ni mbili, utafute ile ambayo gololi zimesogezwa mpaka mwisho karibu na fremu, fundi mzuri anaitambua, au uchukue ya friwili ya gia moja ambayo haina shida hiyo kivile. Mi nilijengewa gurudumu jipya la nyuma spoki 36, na huo ndo ushauri wangu hata kwako: bajeti ikibana, nunua fremu ya kawaida na weka hela iliyobaki kwenye gurudumu.

Tairi iwe pana. 26 kwa 1.95 au 2.1 kwa barabara zetu ni sawa kabisa, inameza mashimo na inailinda rimu. Ila angalia namba ubavuni, maana 26 kwa 1 3/8 ya zile za Kijapani haiingiliani na 26 kwa 1.95, rimu zake ni saizi tofauti japo zote wanaziita ishirini na sita, watu wengi wamenunua tairi wakarudi nalo. Ubavuni pia pameandikwa upepo wa mwisho kwa PSI, kipimo cha upepo wa tairi. Mzito anatakiwa asogelee huko juu, hasa nyuma, na apime kila wiki. Upepo ukiwa mdogo ukagonga shimo, rimu inaibana tyubu na unapata pancha ya matundu mawili kama umeng'atwa na nyoka.

Fremu usiumize kichwa sana, chuma au aluminiamu zote zinabeba, ila kwa mtumba pitisha kidole kwenye maungio, hasa nyuma ya usukani na chini ya siti, rangi iliyopasuka kimstari inaweza kuwa ufa. Iliyowahi kupasuka ikachomelewa upya iache. Bomba la siti lina alama ya mwisho wa kuvuta juu, usiipite. Shokapu za mbele za bei rahisi sizipendi kabisa, zinaongeza kilo na baada ya miezi zinalala hazirudi, bora uma mgumu (usio na shokapu) na tairi nene.

Breki ni maisha. Ukiwa mzito unahitaji nafasi ndefu zaidi ya kusimama, na ule mteremko wa Kimara kuja Ubungo hauna mchezo. Rimu za chuma cha kung'aa zikilowa breki za mpira zinateleza, masika utaomba Mungu, kwa hiyo tafuta rimu za aluminiamu au breki za diski. Jaribu kwa kukaa mwenyewe, mpaka ukaze kweli ukiwa kwenye mwendo.

Siti: pana kiasi cha mifupa ya kukalia kutua juu yake, lakini sio ile nene kama godoro, ile inakuchubua mapajani ukishavuka dakika ishirini. Wiki mbili za mwanzo utaumia hata ikiwa nzuri, usiibadilishe haraka. Goti likiuma mbele, pandisha siti kidogo. Kama unachukua ya gia nyingi, chukua ambayo gia ya nyuma kubwa ina meno 28 au zaidi, kupanda Kimara jioni utanielewa. Presha pia kapime kabla, hasa kama umekaa miaka bila mazoezi, na mweleze daktari unataka kuanza nini. Taa na helmeti sijadili, weka.

Na kabla ya siku ya kazi, pita njia yako Jumapili asubuhi. Kando ya barabara ya Morogoro kuna njia ya baiskeli sambamba na mwendokasi, ila bodaboda wanaingia na biashara zimepangwa humo, ujue mapema wapi utashuka. Ukishaendesha wiki mbili rudi kwa fundi akague spoki zote upya na kukaza zilizolegea, gurudumu jipya mara nyingi linalegea kidogo mwanzoni. Mi nilirudi na yangu, yule mzee akabana mbili mbili mzunguko mzima, akakaza nne tu, akanirudishia.