Fundi Ameacha Kazi Njiani: Namna ya Kupiga Hesabu ya Nani Anamdai Nani

Swali ninaloulizwa kila ninapoitwa kupima jengo lililoachwa ni hili: "Amefika nusu, si nimlipe nusu?" Hapana. Kuta zikishasimama na bati likapigwa, macho huona nyumba imekwisha, kumbe plasta, nyaya, mabomba na milango vyote bado vinadai pesa.

Hatua ya 1: Jua aliyevunja mkataba. Ukiwa wewe ndiye uliyezuia malipo au kumfukuza fundi bila sababu, anastahili thamani ya kazi aliyofanya na vifaa alivyoleta, na mara nyingi faida aliyopoteza pia. Ikiwa yeye ndiye aliyeondoka, endelea.

Hatua ya 2: Soma kifungu cha malipo. Malipo yakiwa kwa awamu, awamu iliyokamilika hulipwa. Bei moja kwa kazi nzima ni kali zaidi. Katika kesi ya Sumpter v Hedges, Uingereza, 1898, mjenzi aliyeacha majengo bila kuyamaliza alinyimwa ujira. Akapata tu thamani ya vifaa alivyoviacha, ambavyo mwenye kiwanja alivitumia kumalizia. Vifaa angeweza kuvikataa, lakini kuta zilizokwisha kusimama kwenye ardhi yake angezifanya nini? Hata hivyo, bawaba mbili zilizolegea si kazi iliyoachwa. Hapo lipa, ukate gharama ya kurekebisha.

Hatua ya 3: Toa notisi ya maandishi. Taja kilichobaki na siku ya mwisho ya kurudi saiti. Kabla ya siku hiyo, usiingize fundi mwingine.

Hatua ya 4: Pima kabla chochote hakijaguswa. Hapa ndipo watu wengi hupoteza haki yao. Niliwahi kuitwa plasta ikiwa mbichi. Fundi wa kwanza alisema mabomba yote ya nyaya ameyalaza yeye, wa pili akasema ameyakuta matatu tu, na ukuta ulikuwa umeshayafunika. Piga picha chumba kwa chumba, hesabu mifuko ya saruji na nondo zilizobaki, mwite fundi ashuhudie, kisha mtie sahihi wote.

Hatua ya 5: Piga hesabu. Chukua ulicholipa, jumlisha gharama ya kumalizia, toa bei ya mkataba. Tuseme bei ilikuwa 1,000, umelipa 400, na kumalizia ni 700: 400 + 700 − 1,000 = 100. Hiyo 100 unamdai fundi. Kumalizia kukiwa 450, inabaki 150 mkononi mwako, na mikataba mingi humpa fundi salio hilo.

Gharama ya kumalizia iwe ya kazi ileile. Ukiamua sasa unataka vigae vya bei ya juu kuliko vilivyoandikwa, tofauti hiyo ni yako, usimbebeshe aliyeondoka. Omba makadirio kwa mafundi watatu, uyaambatishe kwenye hesabu unayompelekea, na umpe siku za kuijibu kabla hujakata hata senti.