Kuchora nasaba ya Banu Makhzum bila kuchanganya majina

Banu Makhzum ni ukoo wa Maquraishi wa Makka. Laza karatasi kwa upana, shika penseli na kalamu nyekundu. Juu kabisa andika Murra bin Kaab, si Makhzum. Ukianzia kwa Makhzum utapata orodha ya wakubwa wa Makka tu, kwa Murra ndipo ukoo huu unapokutana na wa Mtume (s.a.w.).

Shusha matawi matatu: Kilab, Taym, Yaqaza. Kwa Kilab teremka Qusayy, Abd Manaf, Hashim, Abdul-Muttalib, Abdullah, Muhammad. Kwa Yaqaza: Makhzum, Umar, Abdullah, Mughira, Walid, Khalid. Sasa hesabu. Mtume na Khalid bin Walid wote wako kizazi cha 7 chini ya Murra, na Abu Bakr kwa upande wa Taym vilevile. Khalid akitokea wa 6, huenda umemfuta Umar bin Makhzum ukidhani ni Khalifa Umar aliyeingia kwa bahati mbaya.

Mughira mpe nafasi kubwa, maana kwake ndiko majina yanakojazana. Walid ni baba wa Khalid. Hisham ni baba wa Abu Jahl, ambaye jina lake ni Amr. Abu Umayya ni baba wa Ummu Salama. Yuko pia Hashim, na hapa ndipo wengi huteleza: kwa Kiarabu Hashim na Hisham ni herufi nne zilezile, alifu tu ndiyo inayohama. Hantama, mama yake Umar bin Khattab, ni binti Hashim. Mwandike binti Hisham, naye anageuka dada wa Abu Jahl, ilhali ni watoto wa ndugu wawili. (Kwa Kiswahili Abu Jahl atabaki mjomba wake Umar vyovyote vile, kwa hiyo neno hilo halitakufichulia kosa.)

Nyekundu ni ya akina mama. Fatima binti Amr, Mmakhzumi, alimzaa Abdullah na Abu Talib. Barra binti Abdul-Muttalib aliolewa Makhzum akamzaa Abu Salama. Bila mstari huo huwezi kuelewa kwa nini Abu Talib alimpa Abu Salama ulinzi dhidi ya ukoo wake mwenyewe: alikuwa mpwa wake.

Msimamo kuhusu Uislamu uandike kando ya mtu, usiuandike juu ya ukoo. Arqam, ambaye nyumba yake karibu na Safa ilikusanya Waislamu wa mwanzo, ni Makhzum. Abu Jahl aliyeuawa akipigana na Waislamu katika vita vya Badri mwaka 624 ni Makhzum. Khalid na Ikrima bin Abu Jahl walipigana upande wa Maquraishi huko Uhud mwaka 625, kisha wakasilimu, kwa hiyo kila mmoja apate alama mbili.